Manati ya Daudi: jinsi ninavyowaandikia watoto hadithi za Biblia

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya watoto vyenye hadithi za Biblia, na kila Jumapili nafundisha darasa la watoto wadogo kanisani kwetu, Dar es Salaam. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mchoraji maelezo ya ukurasa ambamo Daudi anamkabili Goliathi, nikasema kwamba kijana ameshika manati. Mchoraji akachora alichoambiwa: kijiti chenye panda na mipira miwili iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Sikuliona kosa langu mpaka nilipopeleka rasimu darasani, ambako mvulana mmoja alifurahi mno, akaniambia kwamba hata yeye anayo kama ile na huwinda nayo njiwa.

Israeli ya kale haikuwa na tyubu. Daudi alibeba kombeo, yaani ukanda wenye kikoba katikati cha kuwekea jiwe, ambao mchungaji huushika kwa ncha zote mbili, akauzungusha kwa kasi, kisha akaachia ncha moja ili jiwe liruke. Tuliichora picha upya, na nikaomba ukurasa mmoja zaidi unaoonyesha mkono tu, ule ukanda, na mawe laini matano aliyoyaokota kijitoni. Ukurasa huo ndio watoto wanaokaa nao muda mrefu kuliko mwingine wowote katika kitabu kile, kwa sababu hatimaye wanaelewa jinsi kijana mdogo alivyoweza kumfikia askari mwenye mkuki bila kumkaribia.

Nimeanza na kosa hilo kwa sababu mtoto asiyejua kusoma huipokea picha kama ushahidi: kilichochorwa ndicho kilichotokea. Watu wazima wengi wanaamini mpaka leo kwamba mamajusi walikuwa watatu, ingawa Mathayo anataja aina tatu za zawadi tu na hasemi wageni walikuwa wangapi. Kwamba Yona alimezwa na nyangumi, ilhali kitabu chake kinasema samaki mkubwa. Na kwamba tunda la Edeni lilikuwa tufaha, jambo ambalo Mwanzo haulitaji kabisa. Hayo yote waliyapata utotoni, mengi kutoka kwenye picha. Kwa sababu hiyo hiyo namkataa Yesu mwenye nywele za dhahabu na macho ya buluu ambaye bado amejaa kwenye vitabu tunavyoletewa kutoka nje. Alikuwa Myahudi wa Galilaya, na mchoraji anayejua jua na vumbi la nchi kavu hatashindwa kumchora hivyo.

Matumizi ya picha kwa watoto si jambo jipya. Mwaka 1529 Martin Luther alikiongezea kitabu chake cha sala picha 50 hivi za hadithi za Biblia, akieleza kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida, ambao hukumbuka zaidi wakiona picha. Lakini picha bila maneno mazuri huishia kuwa mapambo, na hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo waandishi wengi wanaitupa. Tazama mstari wa Luka 15:20, pale mwana mpotevu anaporudi nyumbani, katika tafsiri ya Union Version ya 1952: “Alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona, akamwonea huruma, akaenda mbio akamwangukia shingoni, akambusu sana.” Huu ndio mwendo wa -ka- ambao bibi zetu hutambia hadithi za Sungura na Fisi, tendo likilivuta tendo, na mtoto huusikia kuwa ni hadithi kabla hata hajaelewa ni hadithi ya nani. Ninapopokea mswada uliojaa “alikuwa akimwona” na “aliweza kumkimbilia”, huwa najua kwamba mwandishi aliwaza kwa lugha nyingine, na kazi yangu ya kwanza ni kuirudisha -ka- mahali pake.

Kuhusu maneno magumu, sina kanuni moja. “Mamajusi” ni neno zuri kulisikia, lakini halimwambii mtoto chochote, hivyo naona tafsiri ya Biblia Habari Njema ilifanya vyema kusema “wataalamu wa nyota”. “Hori”, yaani chombo cha kulishia mifugo, nimelibakiza. Mtoto wa Dar es Salaam huenda halijui, ila mwenzake ambaye nyumbani kwao Kilimanjaro ng'ombe hulishwa zizini ameliona tangu asubuhi, na inafaa mtoto wa mjini aulize. Neno moja la kuulizia katika kila hadithi linatosha. Yakizidi matatu, msomaji anageuka kuwa kamusi.

Ninalobishana zaidi na waandishi wangu ni lile fundisho la ukurasa wa mwisho: “Watoto, nasi tuwe wakarimu kama yule mvulana aliyetoa mikate mitano na samaki wawili.” Ukarimu ni jambo jema, lakini katika Yohana sura ya 6 mvulana huyo ametajwa katika mstari mmoja tu, na habari yenyewe inamhusu Yesu aliyewalisha watu elfu tano. Fundisho la namna hiyo humgeuza mtoto kuwa mhusika mkuu na kumweka Mungu pembeni, kisha humzoeza kulingoja funzo mwishoni badala ya kuisikiliza hadithi. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 12, kinafuata mpangilio mwingine kabisa: watoto wanaiona Pasaka ikifanyika nyumbani, wanauliza maana yake, ndipo mzazi anasimulia jinsi Bwana alivyozipita nyumba za Waisraeli kule Misri. Swali la mtoto linatangulia, na jibu linakuja kwa masimulizi. Kwa hiyo mafundisho nayafuta, na badala yake naacha mstari wa kukariri na nafasi tupu ya swali la mtoto.

Tatizo ni kwamba mwenye kuuliza huuliza lolote. Hadithi ya safina huuzwa kama hadithi ya wanyama, twiga akichungulia dirishani, na mimi mwenyewe niliwahi kuihariri hivyo. Kisha msichana mmoja, ambaye familia yake ilihama Bonde la Msimbazi baada ya maji kuingia ndani, aliniuliza majirani wa Nuhu walikwenda wapi. Nilimjibu kwamba walikufa, na kwamba Biblia inasema Mungu alihuzunika moyoni kwa uovu wa watu. Akanyamaza, akaomba tuendelee. Tangu siku hiyo sipendekezi safina kwa watoto wa chini ya miaka 5, na kwa wakubwa wao natilia mkazo maneno ya Mwanzo 8, “Mungu akamkumbuka Nuhu”, ambayo vitabu vingi huyaruka ili kuwahi upinde wa mvua.

Kwa sasa namalizia kitabu cha mwana mpotevu. Luka hasemi kama yule kaka mkubwa, aliyekasirika na kukataa kuingia, hatimaye aliingia karamuni. Hadithi inakoma baba akiwa bado anamsihi. Mswada wa kwanza ulimwingiza ndani, akamkumbatia mdogo wake, wote wakacheza ngoma. Nimeyakata hayo yote. Picha ya mwisho inamwonyesha amesimama uani gizani, jembe begani, mwanga wa taa ukimfikia miguuni, na baba amemshika mkono. Niliposoma rasimu darasani Jumapili iliyopita, watoto waligawanyika, wengine wakisema ataingia kwa sababu amesikia harufu ya nyama, wengine wakisema haiwezekani, amenuna mno, na walikuwa bado wanabishana wazazi walipokuja kuwachukua.