Iacheni siagi, yakamateni maji

Ujumbe uliingia juzi usiku, nikaujua mwisho wake kabla sijaumaliza kuusoma: "Dada, tunataka zile sandwichi zako za kreka kwa ajili ya kwanjula, ila usizipake siagi, siagi inazilainisha." Kwanjula ni sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba ukweni, na sandwichi zenyewe ni kreka mbili, zile biskuti kavu za chumvi, zilizobana jibini na nyama, zikapakwa siagi juu na kuokwa. Nimeshaambiwa hivyo sokoni Nakasero na wauza jibini. Nimeambiwa harusini na mtu aliyeshika ya tatu mkononi. Nimeambiwa na masenga, yaani mashangazi, wa mabibi harusi, na senga habishiwi mbele za watu. Basi nitabisha hapa.

Mafuta hayalainishi kreka. Kinacholainisha kreka ni maji. Chukua Ritz, zile za duara ambazo Wamarekani wanazila tangu 1934 na ambazo mapishi mengi ya kitafunio hiki yanazitegemea. Kreka za aina hiyo hunyunyiziwa mafuta kiwandani palepale zinapotoka tanurini. Ule mng'ao unaouona juu ni mafuta. Zinakaa miezi ndani ya pakiti na mafuta yake mwilini, na siku ukizifungua zinavunjika kwa mlio. Sasa iache pakiti hiyohiyo wazi mezani usiku mmoja wa Aprili hapa Kampala, mvua inanyesha na ziwa liko karibu. Asubuhi utatafuna kadibodi. Nani alikuja usiku kuzipaka siagi?

Kreka hutoka kiwandani ikiwa na maji asilimia 2 hadi 4 hivi. Jibini ya Gouda ina karibu asilimia 40. Nyama ya kusindika iliyokatwa vipande ina zaidi ya nusu, na nyanya, ambayo kuna watu bado wanaichomeka humo, ni maji asilimia 94 na ushee. Ukivibananisha vitu hivi, maji yanahama kutoka kwa chenye unyevu kwenda kwa kikavu, na safari inaanza dakika ileile, hayangoji kesho. Lakini asilimia peke yake haikuambii yote. Asali ina maji kama asilimia 17 tu, ila sukari yake imeyashikilia kiasi kwamba asali yenyewe hunyonya unyevu wa hewani. Ndiyo maana wanaopaka asali juu ili sandwichi zing'ae huishia na trei inayonata, kisha lawama anabebeshwa siagi.

Siagi nayo si malaika. Viwango vya kimataifa vinaitaka iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 80 na vinaivumilia maji hadi asilimia 16. Maana yake ndani ya gramu 100 za siagi unaweza kupata kijiko kikubwa kizima cha maji. Ukiipaka kwa brashi, safu nyembamba, maji hayo yanaishia ndani ya oveni na hutayasikia tena. Ukimimina bakuli zima juu ya trei, kama wanavyofanya kwenye video nyingi, yanateremka, yanakusanyika chini, na kreka ya chini inalala ndani yake. Halafu hebu angalia kilichomo kwenye bakuli lenyewe. Kuna haradali ya chupa, ambayo sehemu kubwa ni maji na siki. Kuna sosi ya Worcestershire, siki na maji tena. Mtu anakoroga vijiko vinne vya majimaji ndani ya siagi, anamwaga, anaoka, zinalegea, anatangaza kwamba siagi ndiyo iliyoharibu. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu shahidi wa kweli yuko palepale kwenye chupa na hakuna anayemhoji. Na wale wanaokimbia siagi wakakimbilia majarini ya kupaka mkate wamekimbia mvua wakaingia mtoni: soma ubavuni mwa kopo, na likisema mafuta asilimia 60, jiulize iliyobaki ni nini.

Mimi natumia samli. Tuna Wanyankole wa magharibi ya Uganda, watu wanaopika mchuzi mzima wa samli wakauita eshabwe, halafu tuhangaike na majarini? Samli karibu yote ni mafuta, kwa sababu maji yake yalishachemshwa yakaisha. Samli ya kienyeji ina harufu nzito, hilo sikatai, na kwa wateja wengine naiyeyusha siagi ya kawaida kwa moto mdogo, naiacha itulie, nachukua yale mafuta ya juu na kuyaacha majimaji meupe yaliyotuama chini. Ni kazi ya dakika chache na inaondoa sehemu kubwa ya malalamiko.

Naipaka pia upande wa ndani wa kreka kabla ya kuweka jibini, kwa sababu ileile inayofanya mkate wa sandwichi ya tango upakwe siagi kwanza: mafuta yanayachelewesha maji. Nasema yanayachelewesha. Kreka ina vitobo vilivyotobolewa makusudi ili mvuke utoke wakati wa kuokwa isivimbe, na mlango uliotoa mvuke huingiza unyevu vilevile. Tena mafuta yaliyoganda huzuia maji vizuri kuliko yaliyoyeyuka, na ndani ya oveni samli yote imeyeyuka. Kwa hiyo sikuapii kwamba ile samli ya ndani inafanya kazi kubwa kama ninavyopenda kuamini. Nimeziweka bega kwa bega, zilizopakwa ndani na zisizopakwa. Kuna siku tofauti iko wazi, kuna siku natafuna zote mbili naona ni mamoja. Naendelea kuipaka kwa sababu ina utamu, na utamu hauhitaji utetezi.

Upishi wenyewe hauna mambo. Kreka 36 zinatoa sandwichi 18. Washa oveni nyuzi 175. Karamu za Kampala hazikosi Waislamu, kwa hiyo nyama ya nguruwe ya mapishi ya Kimarekani iache huko iliko. Tumia kuku au ng'ombe wa kusindika aliyekatwa vipande vyembamba, na uvikaushe kwa tishu ya jikoni upande huu na huu, hasa vile vinavyoogelea kwenye pakiti. Jibini chini, nyama katikati, jibini juu, ili nyama isiguse kreka hata moja. Gouda inatosha kabisa. Mozzarella mbichi iliyo kwenye maji isikaribie. Juu paka samli iliyokorogwa na haradali ya unga, kitunguu saumu cha unga na pilipili manga, kisha nyunyiza simsim. Wenzetu wanaweka vijimbegu vyeusi vya kutoka ng'ambo, sisi tuna simsim ya Acholi na Lango, sioni cha kutafuta. Dakika 10 hadi 12. Usipokuwa na oveni, palia makaa: mengi juu ya mfuniko, machache chini, na dakika mbili za mwisho usogeze mfuniko kidogo mvuke upate pa kutokea. Kreka zilizokwisha kushika unyevu zioke kwanza tupu, nyuzi 150, dakika tano, uziache zipoe ndipo uzijaze.

Sasa zinatoka. Unaibonyeza moja kwa kidole, inabonyea. Unapiga kelele "hazijaiva!" unazirudisha, na zikitoka mara ya pili zimeungua chini. Kreka ya moto huwa laini. Wanga na sukari vilivyomo hukakamaa vinapopoa, na ndipo ule mlio unaporudi. Zihamishie kwenye waya wa kupoozea, kwa sababu zikibaki kwenye trei mvuke wa chini hauna pa kwenda ila ndani yake, uzipe dakika tano, sita, ndipo uhukumu. Nimeona watu wazima, wapishi, wakishindwa kungoja dakika tano.

Na kama zimesubiriwa, zinafunikwa! Hili ndilo jambo linalonikosesha usingizi, siyo siagi. Unapeleka trei tatu zikiwa kavu, zinavunjika vizuri, unamkabidhi mama mmoja wa upande wa bibi harusi, unageuka kuchukua vijiti, ukirudi ameshazifunga kwa foili, pembe zote nne, amezibana kama mzigo wa kwenda Juba. Zikiwa za moto! Namwelewa. Kwetu chakula hakiachwi wazi. Nzi wapo, vumbi la barabara lipo, na sahani iliyo wazi mbele ya wageni ni aibu ya nyumba. Lakini jibini ya moto inaendelea kutoa mvuke. Mvuke unapanda, unakutana na foili iliyokwisha kupoa, unageuka matone, matone yanarudi chini. Ukiifunua foili baada ya nusu saa utaona upande wa ndani umelowa. Hayo maji unayoyafuta kwa mkono ndiyo yaliyozilainisha, na bado mama atakuangalia akuambie, "Nnyabo, ulizidisha siagi."

Kopo la plastiki lenye kifuniko ni hivyohivyo. Zile sahani za bufee zenye maji ya moto chini ni mbaya kuliko foili, maana hapo umeukaribisha mvuke kwa kuni zako mwenyewe. Kinachofaa ni kitu kinachozuia nzi na kuruhusu mvuke, na wala hakihitaji kuvumbuliwa. Watu wa pwani wana kawa. Kina mama Wanubi wa Bombo wanasuka mifuniko ya rangi ambayo wengi mmeitundika ukutani kama pambo. Ishusheni. Ukikosa, kitambaa chepesi cha pamba kilicho kikavu, kisichogusa kreka, kinatosha. Zikishapoa kabisa unaweza kuzifunga unavyotaka, lakini ujue saa imeanza kuhesabu kutoka ndani, kwa sababu jibini iko mle mle na kreka.

Hapo ndipo linapoingia ombi la pili nisilolipenda, la kuzitengeneza usiku ili asubuhi ziokwe tu. Usiku mzima wa jibini na kreka ndani ya friji ni usiku mzima wa maji kuhama. Kitu pekee ninachokubali kufanya mapema ni kukata jibini, kukausha nyama na kuvifunga mbalimbali kwenye friji, na kuyeyusha samli yenye viungo. Kupanga na kuoka ni kulekule kwenye shughuli, au karibu na hapo. Umeme unakatika, ndiyo, kwa hiyo nabeba oveni ya gesi. Aliyeniambia nizioke Ntinda kisha zisafirishwe kwa boda hadi Mukono ndani ya kopo lililofungwa nilimpa bei ya sambusa.

Kuna mambo mawili yanayonisumbua hata nikiwa nimefuata yote haya. La kwanza, kreka ya chini. Hata ukausheje nyama, hata utumie samli gani, ya chini hulegea kuliko ya juu, kwa sababu jibini ikiyeyuka hushuka na kuilalia. Nimejaribu kuzigeuza katikati ya kuoka. Simsim inadondoka na jibini inachungulia pembeni, zinakuwa na sura mbaya, na sina hakika kwamba faida inalipia sura hiyo. La pili linaniuma zaidi: wako wageni, hasa wazee na watoto, wanaozipenda zikiwa zimelegea. Wanasema zimekuwa kama keki ya chumvi. Mzee mmoja aliziacha za moto kwenye waya akaenda kuchukua za chini ya foili, akarudi kuongeza. Nimesoma mambo ya unyevu na kukakamaa kwa wanga, kisha mzee anafurahia kilekile ninachopigana nacho. Sina la kumjibu, na mzee alikuwa anakula kwa raha kuliko mimi.

Zikiwa na nyama na jibini, zisikae mezani zaidi ya saa mbili, ziwe kavu au zimelegea. Zilizobaki ziingie friji, na kesho yake zirudishwe kwenye oveni nyuzi 150 kwa dakika tano au sita, bila kufunikwa, kisha zipoe kwenye waya. Zitarudi, si zote, ila nyingi. Maikrowevu hapana: inachemsha maji ya jibini na kuyasukumia kwenye kreka. Na zile ulizozipaka asali kula leo, zote, wewe mwenyewe, usiniletee.