Jina la biashara linapogeuka jina la kitu

Katika kazi yangu ya uwakili wa alama za biashara, mteja anayenipa wasiwasi si yule ambaye bidhaa yake haijulikani. Ni yule anayekuja na furaha kwamba jina lake sasa liko midomoni mwa watu wote, kiasi kwamba hata wakinunua bidhaa ya mshindani wake wanaiita kwa jina hilohilo. Yeye anaona ameshinda soko. Mimi naona jina lililoanza kumponyoka.

Alama ya biashara ina kazi moja: kumjulisha mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Kumwambia ni kitu gani ni kazi ya neno jingine. Jina likiacha kumtaja mwenyewe likaanza kukitaja kitu, limeacha kazi iliyolipatia ulinzi, na sheria hulivua ulinzi huo. Wengi husema hiyo ni adhabu ya kufanikiwa. Sikubaliani nao. Ukisoma mashauri yenyewe, mara nyingi unakuta mmiliki ndiye aliyeliachia jina, na aliliachia mapema, siku bidhaa ilipoingia sokoni ikiwa mpya kabisa na haina jina jingine la kuitwa.

Aspirini inaonyesha hilo kuliko kesi nyingine yoyote. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilisajili jina Aspirin mwaka 1899. Kwa wanakemia, dawa ile ni asidi ya asetilisalisiliki, na hakuna mgonjwa wa kichwa atakayelitamka jina hilo dirishani kwa mfamasia. Nchini Marekani Bayer walipewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza na kuiuza peke yao, hadi mwaka 1917. Kwa muda mrefu waliuza unga wa dawa kwa viwanda vingine, navyo vikatengeneza vidonge, vikavitia kwenye chupa zao na kuandika Aspirin. Mnunuzi aliyeshika chupa ile hakuwa na njia ya kujua kwamba Bayer wanahusika. Alijua kitu kimoja: hivi vidonge vinaitwa aspirini. Mwaka 1915 Bayer walipoanza kuuza vidonge vyao wenyewe na kuweka jina lao mbele, hataza ilikuwa imebakiza kama miaka miwili, na umma ulishazoea.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Serikali ya Marekani ikachukua mali za Bayer zilizokuwa nchini humo na mwaka 1918 ikaziuza kwa kampuni ya Sterling kwa dola milioni 5.3. Kampuni iitwayo United Drug nayo ilikuwa ikiuza aspirini yake, na kesi ikafika mbele ya Jaji Learned Hand mjini New York. Mwaka 1921 alitoa hukumu ambayo mawakili wa fani yangu bado wanaisoma. Alisema swali ni moja tu, nalo ni la ukweli wa mambo: wanunuzi wanaelewa nini wakisikia neno hili? Jibu alilopata lilikuwa na sehemu mbili. Watengenezaji, madaktari na wafamasia walilijua jina la kikemia, kwa hiyo kwao Aspirin ilibaki alama ya Bayer. Kwa mtu wa kawaida anayejinunulia dawa, aspirini ilikuwa aina ya dawa, na yeyote aliyeitengeneza aliruhusiwa kumuuzia kwa jina hilo.

Hapo nasimama na Jaji Hand bila kusita. Hataza hutolewa kwa muda, na baada ya muda huo uvumbuzi ni wa watu wote. Alama ya biashara haina kikomo ilimradi inatumika na inahuishwa. Kama neno pekee analolijua mnunuzi lingebaki mali ya kampuni moja, mshindani angeruhusiwa kutengeneza dawa ileile lakini asiruhusiwe kusema anauza nini. Ukiritimba uliokwisha kwa hataza ungeendelea milele kwa njia ya jina. Hili ndilo jambo ambalo wateja wangu hulisahau wanapolalamika kwamba sheria inawanyang'anya: upande wa pili wa kesi kuna watu wanaohitaji neno la kuombea wanachokitaka.

Kanada, kwa upande wake, Aspirin ni alama ya Bayer mpaka leo. Alama ya biashara haivuki mpaka. Kwa kawaida kila nchi ina daftari lake la usajili na wanunuzi wake, na neno moja linaweza kuwa limekufa huku na kuwa hai jirani. Nchini Marekani Bayer walikuwa wamepoteza hata haki ya kutumia jina lao wenyewe la Bayer kwenye dawa hiyo. Walilirudisha mwaka 1994 kwa kununua biashara iliyokuwa ya Sterling kwa dola bilioni moja.

Mahakama inajuaje wanunuzi wanaelewa nini? Inawauliza. Katika kesi ya chupa za Thermos, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 1963, utafiti uliopelekwa mbele ya majaji uliwaendea watu wazima wanaovifahamu vyombo vinavyohifadhi vinywaji vikiwa moto au baridi, ili kujua wanaviitaje. Kiasi cha asilimia 75 waliviita thermos. Waliojua kwamba hilo ni jina la kampuni walikuwa kama asilimia 12. Hesabu ya namna hiyo haina pa kujificha. Tena kampuni yenyewe, katika miaka yake ya mwanzo, ilijivunia hadharani kwamba jina lake limekuwa neno la kila nyumba, na maneno hayo yakarudi kuwa ushahidi dhidi yake.

Hukumu yenyewe imeandikwa kwa uangalifu ninaoupenda. Mshindani, kampuni ya Aladdin, aliruhusiwa kuandika thermos, lakini kwa herufi ndogo, na ni lazima jina lake la Aladdin litangulie. Alikatazwa kusema kwamba chupa yake ndiyo ya asili au halisi. Mmiliki alibakiziwa jina likiwa na herufi kubwa. Majaji walijua kwamba wale asilimia 12 nao ni wanunuzi, na hawastahili kudanganywa.

Chupa, kwa namna fulani, iliponzwa na maneno ya watu. Escalator, zile ngazi za umeme, iliponzwa na mmiliki moja kwa moja. Jina lilibuniwa na Charles Seeberger na likaja kuwa la kampuni ya Otis. Otis wakalitumia ndani ya hati zao za hataza kama jina la mashine, na katika matangazo yao wakalipanga sambamba na lifti, kwamba Otis ndiyo chapa ya lifti na ngazi za umeme bora. Mwaka 1950 ofisi ya hataza ya Marekani ilifuta usajili. Kama mmiliki mwenyewe analiandika neno kana kwamba ni aina ya kitu, atamlaumu nani? Selofeni, ile karatasi angavu ya kufungia vitu, ilikwenda njia hiyohiyo nchini Marekani mwaka 1936. Linoleamu ilikwisha mapema zaidi, nchini Uingereza mwaka 1878: mvumbuzi aliipa zulia lake la sakafu jina moja tu, na hataza ilipokwisha hapakuwa na neno jingine.

Kuna kesi moja ambayo msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuijua. Kampuni ya mavazi ya Abercrombie & Fitch ya Marekani ilikuwa imesajili neno letu, safari, kuwa alama ya nguo zake, ikamshitaki mfanyabiashara mwingine aliyelitumia. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ilisema kofia na koti za mtindo ule zinaitwa safari na kila mtu, kwa hiyo kwa bidhaa hizo neno si la mtu. Kwa viatu vya buti, jina lilibaki. Ni kwenye hukumu hiyo ambapo Jaji Henry Friendly alipanga majina katika ngazi ambazo wanafunzi wa sheria hufundishwa hadi leo: chini kabisa ni jina la kitu chenyewe, lisilolindwa kamwe, linafuata lile linaloeleza sifa ya bidhaa, kisha lile linalodokeza tu, na juu kabisa yale yasiyohusiana na bidhaa au yaliyobuniwa kutoka hewani, mfano wa Kodak. Angalia kwamba jina lile lile linaweza kukaa ngazi mbili tofauti, kofia huku na buti kule. Swali huwa daima jina kwa bidhaa gani.

Swali hilo ndilo lililoiokoa Google. Kesi ilianza baada ya watu kusajili majina ya tovuti 763 yenye neno google ndani yake, wakanyang'anywa, wakaenda mahakamani kudai kwamba neno hilo sasa ni kitenzi cha kutafuta chochote kwenye intaneti, kwa hiyo ni la umma. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliwakatalia. Mtu anaweza kusema "nimeigugo" hali akilini mwake anajua kuna mitambo mingi ya kutafutia na Google ni mmoja wao. Kugeuka kitenzi peke yake hakuui jina. Kinacholiua ni mnunuzi kukosa neno lingine la kuita mitambo hiyo yote kwa jumla. Naiona hukumu hiyo kuwa sahihi, na imewatuliza wateja wangu wengi ambao humsahihisha kila anayezungumza.

Ulaya sheria ina msisitizo wake: alama hufutwa pale inapokuwa jina la kawaida katika biashara kwa vitendo vya mmiliki au kwa uzembe wake. Uzembe ndilo neno la kuliangalia. Nchini Austria, mwaka 2002, mahakama kuu iliamua kwamba Walkman limekuwa jina la kawaida la kicheza kaseti kidogo cha kubebea, na moja ya mambo yaliyowaumiza Sony ni kwamba kamusi ya Kijerumani ililieleza neno hilo bila kutaja kuwa ni alama, nao hawakudai lirekebishwe. Leo kanuni za Umoja wa Ulaya zinampa mmiliki haki ya kumtaka mchapishaji wa kamusi aonyeshe kwamba neno ni alama iliyosajiliwa. Halafu mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua shauri la Kornspitz, jina la mkate. Mwenye jina aliwauzia waokaji unga uliochanganywa tayari. Waokaji walijua ni alama, ila wengi wao hawakuwaambia wanaonunua mikate. Ni aspirini tena, karibu karne moja baadaye: wa katikati wanajua, wa mwisho hajui, na wa mwisho ndiye anayehesabiwa.

Mnaoandika na kuzungumza, niseme wazi jambo linalowatisha wengi bila sababu. Kulitaja jina la bidhaa katika mazungumzo, barua au makala si kosa. Alama ya biashara humzuia mtu anayeuza bidhaa yake kwa jina la mwingine. Kampuni inapokuandikia barua ya kukuomba useme "nakili" badala ya jina la mashine yake, hiyo ni ombi, na sababu yake ni kutengeneza ushahidi kwamba haikulala. Xerox walitangaza magazetini kwa miaka mingi kuwakumbusha watu kwamba jina lao si kitendo. Johnson & Johnson waliongeza neno "chapa" ndani ya wimbo wa tangazo la plasta zao za Band-Aid. Mwaka 2017 kampuni ya Velcro ilitoa video ya mawakili wakiimba kuusihi ulimwengu uache kuita kila kibandiko kwa jina lake. Sidhani matangazo hayo yanabadilisha ulimi wa mtu. Yanamwonyesha jaji kwamba mmiliki alijitahidi, na hilo lina uzito wake.

Kinachofaa zaidi hufanyika kabla ya kwenda sokoni. Kitu kipya kipewe majina mawili siku ya kuzaliwa, moja la kampuni na moja la kila mtu, na hilo la pili liwe jepesi kutamka. Sekta ya dawa imekwisha jifunza. Tangu mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani hutoa orodha ya majina ya kimataifa ya dawa yasiyo mali ya mtu, na kila dawa mpya huja na jina hilo pembeni ya lile la kibiashara. Sildenafili ni ya wote. Viagra ina mwenyewe. Mfamasia, mgonjwa na kiwanda cha mshindani wote wana neno la kutumia. Katika vifungashio tunavyoandika kwa Kiswahili kazi ni rahisi kuliko wengi wanavyofikiri, kwa kuwa lugha yenyewe hutanguliza kitu: mashine ya fulani, plasta za fulani. Mteja akiniletea lebo ambayo jina lake limesimama pekee, humwambia aongeze neno la kitu kabla ya jambo lolote lingine.

Na aliyekwisha kupoteza? Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema Singer limekuwa jina la aina ya cherehani, kwa kuwa hataza zilikuwa zimekwisha na umma haukuwa na namna nyingine ya kuziita. Kampuni haikuliacha. Iliendelea kulibandika kwenye mashine zake na kulitangaza, washindani wakajenga majina yao, na watu wakazoea kusema cherehani kwa cherehani na Singer kwa Singer. Mwaka 1953 mahakama ya rufaa ilitamka kwamba jina limerudi kwa mwenyewe. Ilichukua miaka 57.