Mafuta yakimwagika, ziba chemba kwanza

Uma wa foklifti ukitoboa pipa la dizeli la lita 200 karibu na kitako, tundu la milimita 25 humwaga takribani lita moja kila sekunde. Ukienda stoo kutafuta ufunguo wa kabati la vifaa, ukirudi baada ya dakika mbili unakuta lita mia hivi ziko chini, zinafuata mteremko. Na yadi huwekewa mteremko makusudi ili maji yaelekee kwenye chemba ya maji ya mvua.

Ndiyo maana nasisitiza: ziba chemba kwanza, kufyonza mafuta kutafuata. Mkeka wa kuzibia utundikwe ukutani, hatua chache kutoka kwenye chemba yenyewe, na uzidi ukingo wa wavu kwa sentimita 10 kila upande. Kando yake tundika ufagio. Mkeka huziba kwa kulalia sakafu bila mwanya, na kokoto moja ndogo chini yake inatosha kuacha upenyo. Kama zege la pembeni limemomonyoka, mkeka hautashika. Hapo zungushia soksi za kunyonya mafuta, yaani mirija ya kitambaa iliyojazwa kifyonzi, ukianza na upande yanakotokea, na ncha zake zipishane.

Kwa matangi, kinga ni ukuta unaolizunguka tangi, wenye uwezo wa kubeba asilimia 110 ya ujazo wake. Tangi la lita 5,000 linadai nafasi ya lita 5,500. Hapo wengi huridhika, wakisahau mvua. Ukuta usioezekwa wenye eneo la ndani la mita 3 kwa 4, mvua ya milimita 50 inauingizia lita 600. Ile akiba ya lita 500 imekwisha, na tangi halijavuja hata tone. Kwa hiyo ezeka, au toa maji kila baada ya mvua. Mimi sipendi kabisa koki ya kutolea maji iliyotobolewa kwenye ukuta huu: mtu huifungua mvua ikinyesha, anaitwa kwingine, inabaki wazi miezi. Tumia pampu ya mkono, na kabla ya kuanza angalia kama juu ya maji kuna utando wa mafuta.

Kitenganishi cha mafuta, yaani tangi linalotenga mafuta na maji ya chemba kabla hayajatoka nje, nacho kina masharti yake. Kinafanya kazi kwa sababu mafuta huelea na maji hupita chini ya kizuizi. Sabuni huyavunja mafuta kuwa matone madogo mno yasiyowahi kupanda juu, nayo yanapita na maji hadi mtoni. Usioshe sakafu yenye mafuta kwa sabuni na mpira wa maji kuelekea kwenye chemba, hata kama kitenganishi kipo. Mwaga maranda au mchanga mkavu, subiri ufyonze, zoa, kisha weka kwenye chombo chenye mfuniko kama taka hatari.

Kosa jingine hutokea siku ya kunyonya tope la kitenganishi. Boza, yaani lori la kunyonya, likishaondoka, kitenganishi hubaki kitupu, na mafuta yanayofuata hupita chini ya kizuizi bila kipingamizi. Kijazeni maji safi hadi usawa wa tundu la kutokea kabla hamjaruhusu chochote kuingia, na msimamizi ahakikishe kwa macho yake kabla ya kusaini karatasi ya boza.