Je, wajua kwa nini msanii aliibadilisha jina kazi yake kupinga mkataba wa walinzi?

Desemba 2017, jumba la sanaa la National Gallery of Victoria, mjini Melbourne, Australia, lilifungua maonyesho makubwa ya kimataifa. Candice Breitz, msanii mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa walioalikwa. Akatangaza kwamba video yake, Love Story, humo itaitwa Wilson Must Go, yaani Wilson lazima waondoke.

Wilson Security ndiyo kampuni iliyokuwa na mkataba wa kulinda jumba hilo. Kampuni hiyohiyo ilifanya kazi ya ulinzi katika kambi ambako Australia iliwazuilia waomba hifadhi waliokuja kwa mashua, Nauru na kisiwani Manus, Papua New Guinea. Shutuma za watu kutendewa vibaya huko zilikuwa nyingi na nzito.

Sasa itazame kazi yenyewe. Katika chumba cha kwanza, waigizaji Alec Baldwin na Julianne Moore wanasimulia maisha ya wakimbizi sita. Ukiingia cha pili unawakuta wakimbizi wenyewe, wakiwamo waliotoka Somalia, Kongo na Syria, wakijisemea kwa vinywa vyao. Swali lake ni zito: mbona masikio yetu humfungukia nyota wa sinema upesi kuliko mtu yaliyomkuta? Kazi ya namna hiyo kulindwa na kampuni iliyolinda kambi za Nauru ni kuisuta mchana kweupe.

Ugomvi wa aina hii kwa kawaida huwa juu ya wafadhili. Mwaka 2014, wasanii 9 walijitoa katika Biennale ya Sydney, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, kwa sababu ya Transfield, mfadhili aliyehusishwa na kambi hizohizo, na mwenyekiti wa Biennale, Luca Belgiorno-Nettis, akajiuzulu. Kwangu mimi mkataba wa ulinzi unauma zaidi, kwa kuwa mfadhili huleta fedha, ilhali huyu mwenye mkataba analipwa na jumba la umma.

Kwa nini basi Breitz hakujitoa? Kujitoa kuna uzito wake, ila mgeni anayekuja kesho hukuta ukuta mtupu asijue kilichotokea. Jina, kwa upande mwingine, huandikwa pale pale kando ya kazi, na jumba ndilo linaloliandika. Na kuipa kazi jina ni haki ya aliyeitunga.

Hakuwa peke yake. Richard Mosse, aliyepiga filamu ya wahamiaji kwa kamera ya kijeshi inayonasa joto la mwili, naye aliunga mkono. Miezi michache kabla, wanaharakati wa sanaa walikuwa wameufunika mchoro wa Picasso wa mwanamke anayelia, uliomo katika jumba hilohilo, kwa kitambaa chenye nembo ya Wilson.

Februari 2018 jumba likatangaza kwamba kampuni nyingine itachukua kazi ya ulinzi. Waliozuiliwa Nauru walibaki Nauru. Kilichofikia ukomo ni malipo ya jumba hilo kwa Wilson.