Raila Odinga hakuwahi kuwa mbunge wa Kibra

Wengi husema, hata katika maandishi yanayopaswa kuwa makini, kwamba Raila Odinga alikuwa mbunge wa Kibra. Kauli hiyo si sahihi, kwa sababu katika miaka yote aliyokaa bungeni, jimbo la Kibra lilikuwa halijaundwa.

Jimbo alilowakilisha tangu 1992 hadi 2013 ni Lang'ata, ambalo awali liliwahi kuwachagua Mwangi Mathai mwaka 1974 na Philip Leakey mwaka 1979. Mitaa ya Kibera, ikiwemo Laini Saba, Lindi na Makina, ilikuwa sehemu ya jimbo hilo na ndiyo iliyokuwa ngome yake ya kura. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia, na kwa kweli unaeleweka.

Katiba ya 2010 iliongeza majimbo ya Kenya kutoka 210 hadi 290, na katika ugawaji wa mipaka uliofuata Kibra ikamegwa kutoka Lang'ata. Uchaguzi wa 2013 ulipofika, Raila aligombea urais, wala hakuwania ubunge popote.

Mbunge wa kwanza wa Kibra ni Ken Okoth, aliyechaguliwa 2013 na tena 2017, akafariki Julai 2019 akiwa bado madarakani. Kumwita mrithi wa kiti cha Raila ni kumpunguzia haki yake, kwani ndiye aliyekifungua kiti hicho. Nduguye, Imran Okoth, alishinda uchaguzi mdogo wa Novemba 2019, na Peter Orero akafuata mwaka 2022.