Kitanda cha daraja la kwanza hakirekebishi saa ya mwili

Wengi huamini kwamba ukisafiri kwa ndege daraja la kwanza usiku kucha, utashuka ukiwa mzima kama uliyelala kwako. Kitanda kweli kipo: kiti hunyooka kabisa, mhudumu anatandika godoro jembamba na kukuachia pajama. Kulala umejinyoosha hakufanani na kusinzia shingo upande kule nyuma, hilo silibishi.

Ila hewa ni ileile. Ndege nzima ina mgandamizo mmoja, sawa na kuwa mlimani kwenye mita 1,800 hadi 2,400, na unyevu mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20. Ndiyo maana midomo ya abiria wa mbele nayo hukauka. Shampeni ya bure (bure kwa kusema tu, umeshailipia kwenye nauli) hukukatizia usingizi katikati ya usiku.

Na kule kusinzia mchana na kukodoa macho usiku wa manane baada ya kutua? Kunatokana na kuvuka kanda za saa. Saa ya mwili, ule mpangilio wa ndani wa kulala na kuamka, hujisogeza kwa takriban saa moja kwa siku, uwe ulilipa nauli yoyote. Mwanga wa jua kwa wakati unaofaa huisaidia kuliko godoro.