Kondo la nyuma hufanya kazi mbele

Mama yeyote aliyewahi kuona mistari miwili kwenye kipimo cha mimba cha duka la dawa ameshakutana na protini ya kondo la nyuma. Mmoja kati ya mistari ile unatokana na hCG, inayotengenezwa na chembe za kondo changa mara mimba inapojishikiza. Tumeliita la nyuma kwa kuwa hutoka mwisho, mtoto akishazaliwa. Kazi yake ni ya mwanzo kabisa, na likikosea, hukosea mwanzoni; kosa hilo ndilo huzaa kifafa cha mimba.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo atanielewa upesi. Katika nusu ya kwanza ya mimba, chembe za kondo huingia kwenye mishipa midogo ya damu ya mji wa mimba na kuilegeza, ikawa mipana, damu ipite kwa wingi. Ni kupanua mfereji kabla mizabibu haijabeba. Mfereji ukibaki mwembamba, kondo linakosa damu ya kutosha, nalo humwaga kwa wingi kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1.

Hapa naomba usome polepole. Kuta za ndani za mishipa ya mama hutunzwa na protini kadhaa, mojawapo PlGF, ambayo nayo hutoka kwenye kondo. sFlt-1 huidaka PlGF ikiwa bado kwenye damu, isifike inakotakiwa. Mishipa inabana, presha inapanda. Figo zinavuja, albumini, protini ya damu ya mama, inatoka na mkojo. (Wanafunzi wangu huchanganya: protini tunayoiona kwenye kijiti cha mkojo ni ya mama mwenyewe, si ya kondo.) Uso unavimba, kichwa kinagonga, macho yanaona nyotanyota, maumivu yanakuja chini ya mbavu za kulia. Ubongo ukizidiwa, mama anapata degedege. Hicho ndicho kifafa cha mimba, na jina lenyewe limetugharimu, maana ndugu hudhani ni kifafa cha kawaida au mashetani, masaa yanapotea.

Mwaka 2003 watafiti wa Boston waliwaongezea panya sFlt-1. Presha ikapanda na mkojo ukawa na protini, hata kwa panya wasio na mimba. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba kwa wanawake protini hiyo huanza kupanda takriban wiki 5 kabla ya dalili. Leo tukigawanya sFlt-1 kwa PlGF tukapata 38 au chini, mama tuliyemshuku ana nafasi ndogo sana ya kuugua ndani ya wiki moja.

Zahanati ninazozitembelea hazina mashine ya kipimo hicho. Zina mashine ya presha na vijiti vya mkojo, na vikitumika kila hudhurio vinaokoa watu. Presha ya 140/90 baada ya wiki ya 20 haisubiri hudhurio lijalo.

Kinachonikera ni kuchelewa. Kwa mama mwenye hatari kubwa, utafiti wa 2017 ulionyesha kuwa aspirini ya miligramu 150 kila usiku, ikianzwa kati ya wiki ya 11 na ya 14, hupunguza kwa zaidi ya nusu ugonjwa unaolazimisha mtoto kuzaliwa kabla ya wiki ya 37. Huandikwa na daktari, si ya kujinunulia.

Mama mmoja wa Chamwino, aliyepata degedege kwenye mimba ya kwanza, alikuja na ya pili ikiwa na wiki 26. Nilipomuuliza, akasema kwao mimba haitangazwi kabla haijaonekana. Wiki ya 33 aliletwa na presha ya 170/110. Tukampa magnesiamu salfeti kuzuia degedege, tukamzalisha. Mtoto alikuwa mdogo, lakini wote wawili walirudi nyumbani.

Wiki iliyopita alimleta mdogo wake, mimba ya kwanza, wiki 12. Historia ya dada inahesabika, kwa hiyo nilikaa nao muda mrefu kuliko foleni ilivyoruhusu.